Jumapili Niliyoiua Ruta

Ruta yetu, ile mashine ya mtandao, niliiua mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu kijijini bado wapo wanaodai ni radi, na mume wangu Sarwidi, kwa upole wake, huwaacha waamini hivyo. Haikuwa radi. Ilikuwa Jumapili saa tatu asubuhi, mbingu nyeupe pe, nami nimekaa mezani na chai yangu na akili zangu zote.

Mwanangu Wahyono alikuwa apige simu siku hiyo. Yon, ndivyo tunavyomwita, ni mvuvi kwenye meli ya ngisi ya Taiwan, na mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha. Meli ingeingia bandarini asubuhi, ipakue, ijaze mafuta, iondoke mchana huo huo. Anayeshuka ashuke, anayebaki asaini miaka mingine miwili. Hatukuyasikia haya kwake, maana simu yake ilitumbukia baharini tangu mwezi wa tatu. Aliyatuletea Karyoto, kijana wa kijiji cha chini, aliyeshuka meli hiyo hiyo katika bandari iliyotangulia na kurudi kwao na meno mawili pungufu.

"Bu Rum," aliniambia, na Bu kwetu ni Mama, "Yon atapiga kwa simu ya kuazima, pale kwenye nyumba ya mabaharia. Namba aliyonayo kichwani ni yako tu. Kati ya saa nne na saa sita. Anataka akusikie wewe, asaini au ashuke."

"Anaumwa?"

"Mzima, Bu."

"Karyoto, mimi ni mama yake, si wakala wake. Anaumwa nini?"

Akatazama miguu yake. "Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Asubuhi anavikunjua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, ndipo aanze kazi."

Miezi minne baada ya Yon kuondoka, alinipigia kutoka bandari ya kwanza akilia. Nikamwambia kazi haikimbiwi. Nilitamka hivyo hivyo. Alikata simu, akafuta machozi, akarudi melini, na tangu hapo hakulalamika tena. Kwa hiyo nilijua kwamba Yon hatashuka mpaka mimi nimwambie ashuke. Nilikuwa tayari. Nilikusudia liwe neno la kwanza, kabla hata ya salamu.

Shida ni kwamba kwetu simu ya mkononi haishiki. Kijiji kimejificha kwenye mkunjo wa mlima Slamet, kisiwani Java, na mnara uko upande wa pili. Anayetaka kupiga simu hupanda hadi shamba la kabichi la Pak Darsono, nusu saa kwa miguu, akapate kijimstari kimoja kinachokuja na kuondoka. Ndiyo maana tulivuta mtandao wa nyumbani. Ila ulikuwa na tabia ya kuganda. Mara ya mwisho Yon alipopiga, niliongea dakika tatu na picha yake akiwa amefumba jicho moja, sauti imekwisha zamani.

Kila nilipofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, iliniandikia kuwa kuna toleo jipya la programu yake ya ndani, linalotuliza mawasiliano. Nilikuwa na saa nzima kabla ya simu. Nina diploma ya maabara, nimefanya kazi kituo cha afya miaka kumi na tisa, na naamini kitu kimoja: soma maagizo, fuata hatua. Nikaenda kwenye tovuti ya watengenezaji, nikatafuta namba ya ruta yetu, nikapakua faili, nikalipakia. Ikatokea onyo kwamba nisizime umeme. Sikuzima. Mstari ukajaa hadi mwisho. Ruta ikazima taa zote, ikawasha moja, nyekundu, na hiyo moja ikaanza kukonyeza.

Nikangoja dakika tano. Kumi. Jina la mtandao wetu halikurudi kwenye kompyuta. Nikaigeuza ruta juu chini nikasoma karatasi iliyobandikwa tumboni. Namba ilikuwa ile ile, ila mwishoni palikuwa na tatu, si mbili.

Namba nilikuwa nimeisoma kwenye kasha. Kila nyumba ya kwetu ina makasha matupu juu ya kabati, la televisheni, la feni, la sufuria ya umeme, eti kwa ajili ya garantii. Kasha lile lilikuwa la ruta ya zamani. Mas Ipung, fundi wa mtandao, alitubadilishia mashine mwaka jana akaja na mpya mkononi, haina kasha. Mwanafunzi akisoma jina la mgonjwa kwenye bahasha badala ya kwenye chupa ya damu, mimi humtoa nje ya chumba.

"Pak!" nilimwita mume wangu, yaani Baba.

Sarwidi akaja kutoka kwenye vizimba vya kware, mikono ina pumba. Alitazama ruta, akanitazama mimi. "Imechoka?"

"Nimeiua."

"Ah, haifi hiyo. Izime uiwashe."

"Nimeizima nikaiwasha mara nne. Nenda ofisi ya kijiji, wana mtandao wao."

Akaenda kwa pikipiki, akarudi. Ofisi ilikuwa imefungwa, na katibu mwenye ufunguo alikuwa arusini huko bondeni. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

Hapo ningeweza kuchukua simu yangu na kupanda mlima mimi mwenyewe. Nimelifikiria hilo siku nyingi tangu wakati huo. Lakini kule juu simu hukatika mtu akigeuza shingo tu, na nilikuwa na hakika kwamba nusu saa inanitosha kuitengeneza. Programu yangu ya simu ilikuwa imeunganishwa na kompyuta pia, kwa hiyo Yon akipiga nami nina mtandao, ingelia hata pale mezani. Nikampa Sarwidi simu.

"Panda kwa Darsono. Ukifika mpigie Ipung aje. Halafu kaa hapo hapo, usitikisike. Yon akipiga, mwambie neno moja. Ashuke."

"Iya, Bu."

"Rudia."

"Ashuke." Akacheka kidogo. "Mimi si mtoto wa shule."

"Na usianze na habari za kware."

Akaondoka. Nikachomoa hereni sikioni, nikaibonyeza kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, kile cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani, sekunde kumi. Taa ikazima, ikarudi, ikakonyeza. Sekunde thelathini. Ile ile. Nikabonyeza huku nimechomoa umeme, nikachomeka huku nimebonyeza, mkono mmoja ukutani, mwingine mezani, kidevu kimeshikilia ruta isianguke. Ndivyo jirani yetu Bu Tumirah alivyonikuta. Kila Jumapili huja kukaa kwenye ukingo wa baraza letu kuangalia tamthilia kwa mtandao wetu.

"Bu Rum, unainyonyesha hiyo?"

"Mtandao umekufa, Bu."

"Yaani leo? Leo ndiyo yule mke mdogo anafumaniwa!"

"Yon anapiga leo."

Akaketi, simu yake ameilaza mapajani, kama mtu aliyefika msibani. Halafu akasema, "Mkwe wangu yake ikigoma huipiga kofi."

"Mkwe wako hupiga kila kitu."

"Hilo nalo kweli," akasema Bu Tumirah.

Nikatafuta waya wa kuunganisha ruta na kompyuta. Ulikuwa mfupi, ikabidi nipige magoti sakafuni, kompyuta juu ya kigoda. Nikaandika zile namba za kufungulia ukurasa wa ruta. Hakuna kitu. Nikakumbuka jambo ambalo Ipung aliwahi kulifanya, la kuipa kompyuta namba yake kwa mkono badala ya kungoja ruta iipe. Nikaandika. Nikachomoa umeme, nikabonyeza hereni, nikachomeka, nikahesabu kwa sauti, na Bu Tumirah akahesabu pamoja nami.

Ukurasa ukafunguka.

Ulikuwa mweupe, hauna nembo wala rangi, maneno mawili na kitufe kimoja: chagua faili. Ruta ilikuwa hai kiasi hicho tu, kiasi cha kuomba dawa. Bu Tumirah akapiga makofi. Nikabonyeza kitufe, kompyuta ikanionyesha mafaili yote niliyowahi kupakua: ripoti za kituo, kitabu cha maombi, na lile faili la ruta ya zamani, sumu ile ile.

Faili sahihi lilikuwa kwenye tovuti. Na tovuti ilikuwa upande wa pili wa ruta.

"Weka basi," alisema Bu Tumirah.

"Sina cha kuweka."

"Kwenye kasha je?"

Nikapanda kiti, nikashusha kasha lile la uongo, nikalikung'uta. Ikaanguka diski ya programu, bado imo katika nailoni yake. Nikageuza kompyuta pande zote nne. Haina mahali pa kuingizia diski, na hata ingekuwa napo, diski ilikuwa ya ruta ya zamani. Nilijua. Nilizungusha tu kompyuta kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu.

Ilikuwa saa tano na robo. Saa nzima na zaidi nilikuwa nimeitumia kufika mbele ya mlango ambao sikuwa na ufunguo wake. Nikasimama, magoti yanauma, nikavaa kandambili za Sarwidi zilizokuwa karibu, nikaanza kupanda.

Nilikutana naye kwenye kona ya mianzi. Alikuwa anashuka anatabasamu.

"Amepiga! Bu, sauti safi, kama yupo kwa Tumirah. Dakika nne nzima."

Nikamshika bega. "Anashuka lini?"

Sarwidi akaifuta simu kwenye shati lake. "Ipung naye anakuja alasiri, yuko kwenye hafla ya—"

"Pak. Umemwambia ashuke?"

"Aliuliza Mak wake anasemaje."

"Ukasema?"

"Watu wa Darsono walikuwa wanavuna, Bu. Watu saba, wamesimama pale na visu vyao, wote wananisikiliza. Nimwamrishe mtoto mkubwa mbele ya watu? Nimwambie ushindwe, urudi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilimwambia, vyovyote utakavyoona vema, Le, mwanangu. Sisi huku tunakuombea tu."

Kwetu huo ndio upole. Mzazi wa heshima hasemi fanya hivi. Anasema vyovyote, na mtoto mwenye adabu anajua maana yake ni kaza moyo, usitutie aibu. Sarwidi amesema hivyo maisha yake yote, kwa fundi, kwa daktari, kwangu siku aliyonioa. Mimi ndiye mkali wa nyumba. Ndiyo maana Yon aliikariri namba yangu, si ya baba yake. Na siku hiyo mimi nilikuwa sakafuni na hereni mkononi.

"Akajibu nini?"

"Akasema, basi, Pak. Akauliza kama kware wanataga."

Nikamnyang'anya simu, nikakimbia kupanda na kandambili zile kubwa. Kabichini wavunaji walinipisha bila neno. Kijimstari kilipotokea nikaipigia ile namba aliyotumia Yon. Ikalia muda mrefu. Akapokea mzee mmoja, akasema kwa Kichina, nami nikasema kwa Kiindonesia, kila mmoja akipaza sauti zaidi kana kwamba mwenzake ni kiziwi.

"Yon! Wahyono! Meli ya ngisi!"

"Meli," alisema yule mzee hatimaye, kwa lugha yetu. Bila shaka mabaharia wamemfundisha neno moja moja. "Meli, iya, iya."

"Mwambie ashuke! Mama yake anasema ashuke!"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haikwenda. Nikamwandikia: *Wahyono ashuke. Asisaini. Ni mimi Mak.* Alama moja ya kijivu. Nikainua simu juu ya kichwa, nikasogea tuta moja, nikarudi. Alama mbili, umefika. Sarwidi alifika akihema, akasimama hatua tatu nyuma yangu, hakuthubutu kunigusa.

Saa saba kasoro mzee yule alijibu kwa picha. Ilifunguka polepole, kijimstari kinakuja kinaondoka, ukanda baada ya ukanda kutoka juu: anga, paa la ghala, winchi. Nikajiambia ukanda unaofuata utakuwa meli. Ukaja ukuta wa gati, kisha vyuma vya kufungia kamba, havina kamba. Kisha maji matupu pale meli ilipokuwa.

"Ni nini, Bu?" aliuliza Sarwidi.

Nikampa simu aone mwenyewe.