Orodha ya Mama Godeberthe

Nilifundisha historia miaka kumi na mmoja kule Burundi, na ugonjwa wa ualimu haujanitoka. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ninatengeneza simu, lakini kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji chetu bado ninaitwa Mwalimu Anatole, na mabishano yakianza watu hunisubiri niseme neno. Nilipenda kusubiriwa. Sitajificha.

Mwezi wa tatu Mama Godeberthe, muuza nyanya anayesimamia chama chetu cha kuzikana, aliandika kikundini. Aliomba kila mtu aweke jina lake, kilima alichozaliwa, na namba ya ndugu mmoja wa kupigiwa. "Mtu akipata shida, habari ifike kwao," alisema. Haikupita saa moja, watu tisa wakawa wameandika. Wa kwanza alikuwa Mzee Patrice, fundi viatu anayeishi peke yake.

Siku hiyo nilikuwa mjini Mbarara, mtaa wa Ruti, nikisubiri vioo vya simu na sina la kufanya. Nilipoona neno "kilima" damu ikanichemka. Kwetu, mtu akijua kilima chako hudhani ameshajua kabila lako. Ningeweza kumuuliza mama wa watu kilima ni cha nini, na orodha ataiweka wapi. Maswali hayo mawili yangetosha. Mimi nikaandika: "Mwaka wa sabini na mbili, mauaji ya kwetu pia yalianza na orodha. Waliokuja kuchukua watu nao walikuwa na daftari na sauti ya upole. Tusijifanye tumesahau."

Niliona nimeandika vizuri sana. Picha za mikono inayopiga makofi zikamiminika. Régis mwenye duka la sabuni akaandika, "Mwalimu amemaliza!" Kisha ile mistari tisa ikaanza kugeuka mmoja mmoja: ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa. Mama Godeberthe alijibu neno moja tu, "Sawa." Nami nikajinunulia soda.

Wiki tano baadaye Mzee Patrice alianguka mlangoni kwake. Upande mmoja wa mwili ulipooza, na ulimi pia. Mimi na Mama Godeberthe tulimpeleka hospitali Mbarara, maana hakuwa na mwingine. Nesi akatuuliza, "Huyu muzee watu yake iko wapi? Lete namba, tupige."

Simu ya mzee ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Nikahamishia laini kwenye simu yangu; haikuwa na jina hata moja. Tulijua ana binti, basi. Kama yuko Tanzania au amerudi Burundi, hakuna aliyejua. Mzee alinishika kwa ule mkono wake mzima, akajaribu kutamka jina, ikatoka sauti tu. Nikafungua kikundi, nikarudi nyuma mpaka mwezi wa tatu, kana kwamba sikujua nitakuta nini.

"Hukunakili mahali?" nilimuuliza Mama Godeberthe.

"Nilikuwa nimenakili kwa daftari. Walipofuta, nikachana karatasi. Mtu akiondoa jina lake, mimi nibaki nalo la nini?"

Tulikaa kwenye benchi la nje. Bila kunitazama, akaniambia kwamba baba yake aliitwa kwa liste, yaani orodha, mwaka ule ule nilioutaja. Yeye alikuwa na miaka sita.

"Mpaka leo hatujui walimlaza wapi. Mama alikufa akiangalia njia. Ndiyo maana nilitaka kila mtu hapa awe na mtu wa kupigiwa."

"Mbona hukusema kikundini?"

"Nimtoe baba yangu kule aliko, nimlete abishane na wewe, Mwalimu?"

Nikainuka, nikarudi ndani kwa mzee.

Mzee Patrice alifariki siku ya tatu. Tulimzika Nakivale. Katekista alipouliza ni nani atakayesema kwa niaba ya familia, tukatazamana. Mwishowe nilisema mimi, maneno machache ya kubabaika, huku nikiogopa kumtazama Mama Godeberthe.

Hatujamaliza kunawa mikono baada ya maziko, simu zikalia. Régis alikuwa ameandika kikundini: "Mwalimu hana tofauti na wale wa sabini na mbili. Wao waliwanyima watoto habari za baba zao, na yeye amefanya hivyo hivyo." Makofi yakamiminika kama yale yangu. Nilisoma, na ninaona aibu kusema hili, nikahisi unafuu. Tusi kubwa namna hiyo ninaweza kulijibu. Nina tarehe, nina ushahidi, nina miaka kumi na mmoja ya ubao na chaki. Nikaanza kuandika.

Mama Godeberthe akanitangulia.

"Régis, acha. Wale ni wale. Huyu ni Anatole wetu, tunamjua. Alitaka kushinda mabishano, na sasa kuna binti mahali fulani anadhani bado ana baba."

Nilifuta nilichokuwa nimeanza kuandika, maji yakinichuruzika viganjani. Kwa hilo sikuwa na tarehe wala ushahidi.