Kidevu cha Mzee Kailemia

Kiogora aliupita mlango ule wa nyuma ya bucha mara ya tatu, akajifanya anaulizia bei ya matumbo. Mikono alikuwa ameificha mfukoni. Hii ilikuwa siku ya tisa bila kuonja pombe na bado mikono ilikuwa ikitetemeka, na kinyozi wa mikono ya namna hiyo ni balaa lenye wembe.

Aliogopa, tena sana. Mwezi uliopita, akiwa amelewa, wembe ulimteleza chini ya kidevu cha mteja wake, Mzee Kailemia. Mzee aliondoka na taulo la kazi shingoni, likilowa damu, na hakuonekana tena. Tangu hapo Kiogora alijua kwamba akiirudia chupa, ipo siku atamuua mtu kitini.

Kikundi cha kwanza cha watu wanaoacha pombe alichokiendea kilikuwa cha kanisani kwao, Kianjai. Huko alifanya kosa la mtu aliyelelewa kwenye ushuhuda: akasimama, akataja jina, ukoo na kazi, akaeleza hata alivyonyoa watu akiwa chakari. Wakampigia makofi, wakamwombea hadi machozi yakamtoka. Jumatatu kiti chake kilikaa kitupu. Nani atampelekea shingo mtu kama huyo? Cha pili, mjini Meru, kilikuwa cha watu wa tai na Kiingereza kirefu. Alitoka na chai tumboni na hofu ileile. Kilibaki hiki cha Majengo, nyuma ya bucha. Kikimshinda nacho, njia ya baa anaijua.

Akaingia. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, birika la chai na watu saba. Abdimalik, mwenye bucha na kiongozi wa kikundi, akamwonyesha kiti, lakini Kiogora alisimama kwa mazoea.

"Bwana asifiwe. Naitwa Kiogora, natoka Kianjai, kazi yangu ni..."

"Kaa tu, ndugu yangu," Abdimalik akamwambia polepole. "Hapa jina moja linatosha. Hata mimi, msikitini hawajui tunafanya nini huku."

Lakini mtu wa kona alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa na ndevu za mwezi mzima, na chini ya kidevu zimeacha kijia chembamba pale wembe ulipopita. Mzee Kailemia. Huyu amekuja kunishtaki mbele ya watu, Kiogora akawaza, akautazama mlango.

"Usitoke, Kiogora," mzee akasema. "Hiyo siku ulinikata, hata mimi nilikuwa nimelewa. Sikuskia kitu. Ni mama watoto aliniambia natoka damu."

Hakuna aliyecheka. Kiogora akaketi.

Wakati wa chai mzee alimwambia atakuja Jumamosi anyolewe. Kiogora akamsihi angoje kwanza mikono itulie. Mzee akakataa, akisema amechoka kujificha ndani ya ndevu.

Jumamosi saa tatu asubuhi mzee alikaa kitini kwa Kiogora, akainua kidevu na kufumba macho.

"Leo nitaskia," akasema.

Kiogora akavunja wembe mpya katikati, akatia nusu moja kwenye mpini. Watu wawili wa sokoni walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Akaushusha mpaka ukagusa povu. Mkono ukatetemeka. Akauinua, akangoja utulie, akaushusha tena.