Kalama Haumwi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Chaani, mwaka 1948, akala ya mguu wa kushoto ilikataa kutoka. Jumwa alivuta tena. Msumari wa inchi mbili ulikuwa umepenya kiatu hicho cha mpira wa tairi na kuingia katika wayo wa mumewe.

"Baba Nyevu, tangu lini?"

"Sijui. Nimetoka nao kisimani."

"Umetembea umepigiliwa kama picha ukutani, na hujui?"

Kalama alicheka. Jumwa hakucheka. Mwaka uliotangulia mguu huohuo ulikatwa kidole cha mwisho, nacho kiliharibiwa na kijiwe ambacho hakukisikia.

Saa moja na nusu alikuwa katika zahanati ya tanuri la chokaa, mahali alipofanya kibarua cha kuzoa majivu ya moto. Dresa Phineas aliosha kidonda, akaingiza kijiti kupima kina. Kilizama nusu inchi. Kalama alikuwa akitazama dirishani.

"Mzee Kalama, ni ile sukari niliyokwambia. Imeua hisia za nyayo. Ukirudi kwenye majivu na kidonda hiki, safari hii watakata mguu. Ulale nyumbani wiki sita, kisha uvae buti."

"Buti gani? Vibarua hatupewi buti."

"Basi ulale kwanza."

Ruhusa ya kulala ilitolewa na mkaguzi wa kampuni. Tangu mgomo wa mwaka uliopita, alimlaza kila mgonjwa kifudifudi na kumchoma sindano mahali palipodaiwa kuuma. Asiyeshtuka alirudishwa kazini.

"Nitajuaje amechoma?" Kalama aliuliza.

Phineas alitazama mlango. "Nikikohoa, piga kelele."

"Daktari, wanifundisha uongo, na Jumapili mimi ndiye msomaji kanisani."

"Kidonda si cha uongo."

Saa tatu mkaguzi aliingia. Kalama akalala kifudifudi juu ya benchi, Phineas akasimama kichwani pake. Nje watu walikuwa wakimwaga magunia ya chokaa, na vumbi jeupe likaingia dirishani. Phineas alibana pumzi. Machozi yakamtoka. Akakohoa.

"Aa! Mama wee, nakufa!"

Sindano ilikuwa ingali mkononi mwa mkaguzi, shibiri moja juu ya wayo.

"Sijakugusa," alisema. "Dresa, toka nje."

"Bwana, asiyesikia sindano ndiye aliye hatarini zaidi."

"Fomu inauliza kama anaumwa. Toka."

Alichoma mara tatu. Mara ya tatu aliiachilia sindano, ikabaki imesimama nyamani.

"Bado, Bwana?" Kalama aliuliza.

Mkaguzi aliandika: *Haumwi. Anafaa kazi.*

Nje, Phineas alifunga kidonda kwa kitambaa mara mbili. Katika daftari la zahanati aliandika kina cha kidonda, tarehe na saa, kisha: *Hasikii sindano. Nilipinga.* Akatia sahihi.

Saa nne na dakika kumi Kalama alishuka katika shimo la majivu.

"Haya, mguu wa chuma karudi!" msimamizi alisema. "Anza upande wenye makaa."

Saa tano kasorobo kibarua mmoja alipaza sauti kwamba kitambaa kinawaka. Kalama aligeuka kutazama ni cha nani.