Mia Moja Sitini na Tano

Miaka mitatu nilikaa na nambari moja rohoni: 165.

Nilikuwa msaidizi wa Daktari Musyimi katika maabara ya chuo kimoja Kitui. Tulitaka kujua tofali la tanuri linahitaji joto kiasi gani ili lipande digrii moja. Mashine ya kupima hatukuwa nayo, kwa hivyo nilikadiria: unachukua joto la kila oksidi iliyomo, unajumlisha. Chokaa mbili, magnesi moja, silika mbili. Ni kama kukisia uzito wa muthokoi kwa kupima mahindi na maharagwe kando.

Jioni nilipomaliza hesabu niliacha daftari kwenye meza ya maabara. Nilikuwa nyumbani, kijijini Tulia, nikiosha sufuria niliposhtuka: silika nilikuwa nimeihesabu mara moja tu! Kesho yake nilirauka kwenda kusahihisha. Daftari halikuwepo, na kazi yangu alikuwa amepewa binamu yake Musyimi. Baadaye jedwali langu lilichapishwa kwa jina la Musyimi, juu yake ameandika "vipimo vya maabara". Hata ile 165 ilikuwepo. Nililia, kisha nikanyamaza kwa makusudi. Nilitaka apande juu kwanza.

Juzi Musyimi alikuja mjini Tawa kwenye semina ya walimu wa kemia, kujinadi mbele ya jopo linalotafuta mkuu wa maabara mpya. Siku hizi mimi ni mwalimu. Nikainua mkono.

"Daktari, hii 165 ulipima na mashine gani?"

Tabasamu likamkauka. "Kanyiva! Hiyo si tutaongea baadaye?"

"Wacha tuongee sasa. Shika chaki. Chokaa mbili, kila moja 42; magnesi moja, 37; silika mbili, kila moja 44. Jumlisha vile ziko."

Aliandika polepole. Ikatoka 209.

"Sasa toa silika moja."

165. Ukumbi mzima uliiona.

"Hilo ni kosa langu," nikawaambia. "Nilikosea hivyo nikikadiria, kwa daftari langu."

Bi. Nthiwa, mwenyekiti wa jopo, akavua miwani. "Kwani mashine yako pia ilisahau silika, Daktari?"

Walimu wakaangua kicheko. Nilifurahi, sitadanganya.

Musyimi alinifuata mlangoni. "Si ungeniambia tu, Kanyiva?"

"Si ungeniuliza tu? Na unirudishie daftari langu. Ukurasa wa arobaini uko na makosa, nataka kusahihisha."