Nyigu Waliopotea Kwenye Hoho za Wifi

Mtafiti alifika bandani kwa wifi yake saa mbili asubuhi, begani kibegi, na ndani ya kibegi vichupa sita vya nyigu. Si wale nyigu wa kuuma watu. Hawa walikuwa wadogo kama punje ya ufuta, na jike alikuwa na kazi moja: kumtafuta kidukari, yule mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mimea, kumdunga yai, kisha mtoto wa nyigu amle kidukari kutoka ndani mpaka libaki ganda. Miaka mitatu aliwafuga maabarani. Siku hiyo ndiyo aliwatoa nje kwa mara ya kwanza.

Wifi yake, dada wa mumewe, alilima pilipili hoho chini ya banda la nailoni, na vidukari walikuwa wamemvamia. Akainua kichupa kwenye mwanga.

"Ndio hawa? Kaka yangu alituambia ameoa mtaalamu, kumbe ameoa mchunga vumbi!"

"Cheka tu, wifi. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili zikaisha. Mtafiti akarudi na lenzi yake, akafunua majani. Kidukari aliyeliwa na nyigu huvimba na kugeuka rangi ya kahawia. Wa namna hiyo aliona wanane tu. Wazima walikuwa maelfu, wamenona.

"Wageni wako wamekula, wamelala, wameondoka," alisema wifi. "Hata kuaga hawakuaga!"

Mtafiti alicheka kwa kujikaza. Maabarani nyigu hao hao hawakubakiza kidukari. Aibu ilimshika, maana mumewe alikwisha kumsifia kwa ukoo mzima.

Akaomba ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya mche mmoja na kumfuata nyigu mmoja kwa macho. Nyigu akapanda shina, akashika tawi, akazunguka ukingo wa jani, akarudi. Akalizunguka jani lile lile mara ya pili, mara ya tatu. Juu yake kidogo, kwenye chipukizi lililofichwa na majani, vidukari walikuwa wamebanana tele. Nyigu akajipangusa vipapasio vya kichwani, akaruka, akaenda zake.

"Wifi, mche huu uliupogoa lini?"

"Niupogoe? Kwa kosa gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Maabarani aliwawekea miche michanga ya shina moja na majani machache. Hapa kila mche ulikuwa kichaka, na nyigu, ambaye hutafuta kwa kutembea, alimaliza siku akirudia njia zile zile. Hakuwa mvivu, alikuwa amepotea.

"Niachie nipogoe mstari mmoja. Mashina mawili kila mche."

"Thubutu! Matawi haya nimeyalea mwenyewe."

"Mmoja tu. Ukipata hasara nitakuoshea vyombo mwezi mzima."

"Wewe? Kaka yangu anasema sufuria na wewe hamjuani." Akafikiri kidogo. "Haya. Chukua ule wa pembeni, uliodumaa."

Mkasi ulipolia, wifi aligeuka akatazama ukutani, na kila tawi lililoanguka alilipigia mguno. Kisha mtafiti akafungua vichupa vipya, idadi sawa kwa mstari uliopogolewa na kwa ule wa kando yake ulioachwa kichaka.

Siku ya kumi na mbili simu ikaita. "Njoo," wifi alisema, akakata.

Mtafiti alikwenda upesi. Alimkuta wifi amechuchumaa kwenye mstari wa pembeni, analitazama jani kwa chini. Karibu vidukari wote walikuwa maganda ya kahawia, mengine yametobolewa tundu la mviringo alipotokea nyigu mpya. Kwenye mstari usiopogolewa, majani bado yalinata kwa majimaji matamu ya vidukari.

"Nilipaswa kuitazama miche yako kwanza," mtafiti alisema. "Niliwajua nyigu, hoho sikuzijua."

"Na mimi nikidhani wingi wa majani ndiyo afya." Wifi akainuka, akapangusa mikono. "Lete huo mkasi."

Alianza kwa huruma, kila tawi baada ya kuliomba radhi. Kufika mstari wa nne alikuwa anakata kwa kasi mpaka mtafiti akamshika mkono.

"Basi, wifi! Mche nao unahitaji majani ili uishi."

"Jana kata, leo acha!" wifi alilalamika. "Masikini kaka yangu, ana kazi." Na akaendelea kukata, ila polepole.