Kurumbiza wa Bonde la Juu

Mshonaji alikuwa ametimiza miaka sitini na miwili alipomkubalia mdogo wake warudi bondeni kutazama ndege. Hawakuwa wamekanyaga huko tangu baba yao afariki. Mzee huyo alikuwa mpiga chapa, wiki nzima akishinda kwenye mtambo wenye kelele za kupasua kichwa. Ikifika siku ya mapumziko aliwachukua, darubini moja kwa watu watatu, wakapanda kijia cha kando ya kijito hadi pale milima inapokaribiana.

Kijia kilikuwa kilekile. Magoti ndiyo yaliyobadilika.

"Dada, tupumzike," mdogo wake akasema. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye kitambi cha haja.

"Wewe ndiye uliyechoka. Usinisingizie."

Wakaketi juu ya jiwe, ukungu ukijivuta taratibu kutoka chini ya bonde. Punde mwalimu akainua kidole.

"Kurumbiza huyo. Umemsikia?"

"Nimemsikia," mshonaji akajibu, akaielekeza darubini kwenye miti ya ng'ambo ya kijito.

Mdogo wake akamgeukia. Ndege alikuwa nyuma yao, hatua kumi hivi, akiimba kwa nguvu zake zote.

"Tangu lini, dada?"

Alitaka kubisha. Ukaidi ukampanda hadi kooni, kisha ukashuka wenyewe. "Mwaka wa tatu huu. Watu nawasikia, cherehani naisikia. Sauti nyembamba ndizo zimenikimbia." Akawa anafuta darubini kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. "Na ni mimi ambaye baba alikuwa akiniita Masikio. Kila mlio ananiuliza mimi: huyo anasemaje, yuko upande gani? Namwigia, anaandika daftarini. Nilijiona bingwa, wewe."

"Alikuuliza kwa sababu alikuwa hasikii," mwalimu akasema polepole. "Ule mtambo ulimmaliza masikio kabla mimi sijazaliwa. Mama aliniambia tulipokuwa tunapanga vitu vyake. Nikadhani unajua."

Alikuwa hajui. Akamwona tena baba yake akiwa amechuchumaa mbele yake kwenye nyasi zenye umande, uso karibu kabisa na wake, macho yakiganda kwenye midomo yake midogo iliyokuwa ikiiga mlio. Miaka yote hiyo alidhani anapewa mtihani. Kumbe mzee alikuwa akisikiliza.

Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Basi niigie na mimi," akasema baadaye.

Mwalimu akabana midomo, akapuliza. Kikatoka kitu kama mlango mbovu.

"Huyo si kurumbiza, huyo ni bawaba," mshonaji akasema, na wote wawili wakacheka hadi ndege akaruka kichakani. Mshonaji ndiye aliyemwona: kifua rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho, kisha akatua tena na kutikisa mkia.

Hadi saa nane walikuwa wameandika aina kumi na moja. Ile ya kumi na mbili waliibishania njia nzima ya kushuka, mwalimu akishikilia kuwa ni mbayuwayu, dada yake akishikilia kuwa lilikuwa jani. Walipofika barabarani, mshonaji akamwambia mdogo wake achague siku nyingine, kabla mvua hazijaanza.