Geti Lililokuwa Wazi

Mimi si mtu wa kutembea kwa miguu. Naliweka hilo wazi mapema, ili ieleweke kwamba nilipompeleka Tamsin kwenye mashamba ya Marlowby Jumamosi ile ya mwezi wa nne sikufuata hewa safi. Nilimfuata Tamsin. Ana miaka minane, ni binti wa Hugh, na mama yake, Corinne, alifariki mtoto akiwa bado chekechea. Hugh aliniposa wakati wa Krismasi. Nikamwambia nampenda na ninataka, lakini siingii kwenye nyumba ya mtoto bila mtoto mwenyewe kuniruhusu. Tamsin akikubali tutafunga ndoa mwezi wa sita; asipokubali, kila mtu atabaki kwake kama tulivyo. Hugh akamuuliza. Tamsin akasema, "Sijui." Akaulizwa tena baadaye, bado hajui. Pasaka ilipofika nikamwambia Hugh amwache, mtoto si shahidi mahakamani.

Siku hiyo Hugh alikuwa zamu kazini, kwa hiyo tulikwenda wawili tu, kwa mara ya kwanza.

Watu huenda Marlowby na watoto kwa sababu njia zake ni rahisi. Hakuna kilima cha kukutoa roho, vigari vya watoto vinapita, na kila penye njia panda kuna kigingi chenye mshale. Tulifuata mishale ya njano, ya njia iliyo fupi kuliko zote: unazunguka bwawa, unakata malisho, halafu unarudi kwenye banda la farasi la mabwana waliomiliki mashamba hayo zamani, ambalo siku hizi ni mkahawa. Nilikuwa nimemwahidi keki huko. Ndiyo, ilikuwa hongo. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kutoa hongo.

Tamsin alitangulia na gambuti zake nyekundu, akanipa mgongo njia nzima. Nami nikiingiwa na hofu mdomo wangu hauna breki. Nilizungumzia mabata, nikazungumzia matope, nikamsema baba mmoja aliyekuja na viatu vyeupe kana kwamba anakwenda harusini. Hakucheka. Nilijiona kama redio iliyosahauliwa jikoni.

Tulipomaliza bwawa tukakuta geti la malisho limeachwa wazi kabisa, limefungwa kwa kamba kwenye uzio lisije likarudi. Tamsin akasimama, akalikodolea macho kama mwalimu mkuu aliyekuta darasa chafu.

"Mama alisema geti lazima lifungwe," akasema.

Akaanza kuifungua ile kamba. Geti lilikuwa zito, linaburuza kwenye majani. Akanigeukia.

"Shika huku, Glenys. Inua."

Sasa, mimi nimekulia vijijini, mjomba wangu alifuga ng'ombe wa maziwa. Kwetu kila mtoto anajua kwamba geti unaliacha kama ulivyolikuta. Likiwa limefungwa, ulifunge nyuma yako. Likiwa wazi, uliache wazi, maana mwenye mifugo ana sababu yake. Lakini mtoto alikuwa ameniita. Nikashika, nikainua, hata komeo nililisukuma mwenyewe. Tamsin akasema asante, nami nikayavuka yale malisho bila kuyahisi matope.

Tukakaa kwenye benchi la juu kula mikate yetu ya jibini. Hapo ndipo makelele yalipoanza. Kondoo mmoja akilia humsikilizi hata kidogo, lakini kundi zima likilia kwa pamoja linakuingia mwilini. Kumbe kondoo wakubwa walikuwa wameteremka bwawani kunywa maji na kuwaacha watoto wao wamelala juani kando ya uzio. Waliporudi walikuta geti limefungwa. Walisukuma vyuma kwa pua zao, na upande wa pili watoto wao wakawa wanakimbia huku na huko kwenye uzio, hawaoni pa kupita.

Tamsin akaweka mkate wake chini.

"Wanalia nini?"

Nikamwambia wanaitana, watoto wanawataka mama zao. Akalitazama geti, na rangi ikamtoka usoni.

"Ni sisi," akasema.

Tukakimbia. Mimi, nikakimbia.

Mwenye kondoo alitutangulia, kwenye pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa kampakia nyuma. Tulipofika geti lilikuwa wazi tena na kila mtoto yuko chini ya mama yake, ananyonya huku mkia ukicheza. Alijitambulisha kuwa ni Bi Pargeter. Hakufoka. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kila mwaka wakati wa kuzaa anaifunga kamba ile, na kila mwaka kuna watu wema wanaoifungua. Wasio na adabu hawajawahi kumsumbua hata siku moja. Kisha akauliza leo ni nani.

"Ni mimi," nikasema upesi. "Samahani sana."

Akanitazama juu mpaka chini. "Dada yangu, na utu uzima wako huo."

Yeye akaenda zake upande wa pili wa malisho, kumwangalia kondoo mmoja aliyekuwa anachechemea. Nami nikamgeukia Tamsin nikitegemea walau tabasamu. Alikuwa amewiva mpaka masikioni kwa hasira.

"Umedanganya."

"Sikutaka akugombeze."

"Siyo. Hukutaka nijue kwamba Mama alikosea."

Nikakaa chini kwenye majani, yakiwa na umande na mavi ya kondoo vilevile. Nikaona hapa nikijitia ujanja tena nitampoteza moja kwa moja.

"Sikuwahi kumjua mama yako," nikamwambia. "Lakini geti la kwenu linatokea barabarani, kwenye malori, na wewe ulikuwa mdogo. Alikufundisha geti lile. Alikuwa anakulinda. Hapo hakukosea hata kidogo."

"Na hili?"

"Hili hakuwahi kuliona. Mimi ndiye niliyejua halifungwi, na nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu uliniita nikusaidie. Hujawahi kuniita nikusaidie kitu."

Hapo machozi yakanitoka, na sikuona haya wala sikuyafuta. Tamsin akageuka, akaanza kukata malisho kumfuata Bi Pargeter, mabega juu kama anayepanda jukwaani. Nikainuka nikamfuata kwa mbali kidogo.

Bi Pargeter alikuwa amepiga magoti, mguu wa kondoo mkononi.

"Mimi ndiye niliyefungua kamba," Tamsin akamwambia. "Yeye alishika kwa sababu nilimwambia ashike. Mama yangu alinifundisha kufunga, lakini alimaanisha geti la kwetu."

Bi Pargeter akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia asante, kwamba wengi hufunga lakini hajaona aliyerudi kusema. Kisha akanielekezea kidevu mimi niliyesimama kule nyuma, sketi imelowa na pua inachuruzika.

"Na huyo anayelia ni nani wako? Shangazi?"

Tamsin akageuka kunitazama. Alinitazama taratibu, kama mtu anayechagua kiatu na hataki kuharakishwa.

"Ni Glenys," akasema. "Anaolewa na baba mwezi wa sita."

Kisha akachuchumaa karibu na Bi Pargeter, akauliza yule kondoo ana nini mguuni. Mimi nilibaki pale pale kwenye matope, nikalia kwa furaha mbele ya kundi zima la kondoo.